Mdogo Wetu Hakuacha Kazi kwa Uvivu

Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu,
mlango wa kushoto.
Jumapili, baada ya kufua.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote nataka kujua afya yako. Kile kikohozi kilichokuwa kinakukatisha maneno kwenye simu kimekuachia, au bado unakibembeleza kwa tangawizi na kukataa kwenda hospitali? Wifi goti lake linaendeleaje? Na watoto wameshazoea shule mpya? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, presha yake imetulia, na juzi alimfokea fundi bomba mpaka akarudi kuziba upya alichokuwa amekiziba ovyo. Kwa hiyo ujue hajambo kabisa.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hukawii kunikatiza. Safari hii huna pa kuingilia. Vaa miwani, keti, usome mpaka mwisho.

Nianze na ile video uliyotuma kwenye kundi la familia. Yule bwana mwenye fulana nyeusi, anayetembea jukwaani huku na huku kama amepoteza funguo, akifundisha jinsi ya kuzisaidia timu za Skramu zifanye kazi vizuri na kwa mwendo ambao watu wanaweza kuudumisha bila kuumia. Chini yake ukaweka sauti yako, kwamba mdogo wetu amsikilize mtu mwenye akili, aache uvivu, na kwamba kazi nzuri haitupwi kama ganda la ndizi.

Kaka, yule bwana ndiye aliyekuwa bosi wake. Kazi aliiacha kwa sababu ya huyohuyo.

Nilipoiona video nilicheka kicheko kibaya, kicheko cha mtu aliyeibiwa sufuria kisha akaalikwa kula chakula kilichopikwa ndani yake. Mdogo wetu hakucheka. Alikuwa jikoni anaosha vyombo. Aliisikiliza sauti yako mara moja, akafuta mikono, akatoka kwenye kundi, akaendelea na sahani zake. Ndiyo maana humwoni humo. Usiulize tena kama mtandao wake ni mbovu.

Najua kwenu kwenye ujenzi mambo ya Skramu hayajafika, na heri yenu. Si jambo gumu. Ni watu wachache wanaotosha kuzunguka meza moja. Wanakubaliana kipande cha kazi wanachoweza kukimaliza katika wiki mbili, na hizo wiki mbili tunaziita sprinti. Kila asubuhi wanasimama pamoja kwa muda mfupi, waambiane wamefika wapi na wamekwama wapi. Mwishoni wanamwonyesha mteja walichotengeneza, halafu wanakaa peke yao waulizane nini kiliwaumiza, wasikirudie. Mimi ndiye skramu masta wao, na hilo neno masta lisikudanganye, maana sina ninayemtawala. Kazi yangu ni kuwaondolea vikwazo na kuangalia mtu asiwapakie mzigo kuliko mgongo wao.

Mdogo wetu alikuwa mjaribu wa timu yangu hiyo. Programu ikishaandikwa, yeye anaijaribu kila upande, anaichokoza makusudi, mpaka aridhike kwamba haitamletea mtu madhara. Na sisi hatutengenezi michezo ya simu. Programu yetu hutumika kwenye maduka ya dawa. Ndiyo inayochapa ile karatasi ya maelekezo inayobandikwa kwenye chupa: umeze nini, mara ngapi, kiasi gani.

Tulikuwa tunakwenda vizuri. Tulikuwa tunabishana, tunakosea, tunarekebisha, na jioni kila mtu anarudi kwake akiwa bado ana hamu ya kuongea na watu wa nyumbani. Kisha mmiliki wa kampuni, mama mmoja mwenye moyo mzuri na udhaifu wa kupenda watu wanaoongea kwa kujiamini, akamleta huyo bwana awe mkurugenzi wa uzalishaji. Sisi tulimpa jina la Honi. Kelele nyingi, na gari halisogezi.

Siku yake ya kwanza Honi aliingia akipiga makofi. Watu wazima tumekaa kwenye viti vyetu, tuna majukumu, tuna watoto, na mtu anatupigia makofi kama tuko chekechea. Akatangaza kwamba ameisoma Skramu yote na ameikuta ina mafuta mengi, yeye atayaondoa. Kusoma kwenyewe, kaka, sidhani kama alivuka jalada. Sprinti akaikata ikawa wiki moja, lakini kazi ikabaki ileile ya wiki mbili. Kikao chetu cha kuulizana kilichotuumiza akakipa jina la kikao cha kulialia, akakifuta. Kusimama kwetu kwa asubuhi akakugeuza mahakama. Yeye alikaa, sisi tukasimama, na mmoja mmoja tukajieleza kwa nini jana hatukufanya zaidi.

Halafu akaning'iniza televisheni ukutani, ikaonyesha jina la kila mtu na alama za kazi alizomaliza, kama msimamo wa ligi. Alama hizo, ili ujue, ni makadirio tu ambayo timu hujiwekea yenyewe kupima uzito wa kazi. Timu ikaanza kujiongezea. Kazi iliyokuwa na alama kiduchu mwezi uliopita ikapewa alama nono mwezi huu. Namba zikapanda ukutani, na Honi akampigia simu mmiliki kumwambia kwamba kasi yetu imeongezeka maradufu. Aliamini kabisa. Mtu aliyetuletea televisheni ili atudhibiti akageuka kuwa mtu pekee ofisini aliyekuwa hajui kinachoendelea.

Nilimfuata ofisini kwake. Nilimweleza kwa adabu kwamba timu inachoka, na kwamba mtu aliyechoka hukosea, na kosa letu sisi humezwa na mgonjwa. Aliniangalia kama mtu anayesubiri tangazo liishe ili filamu iendelee.

"Dada," akasema, "mimi sihitaji mlezi. Nahitaji matokeo."

"Mimi sikuajiriwa kuwa mlezi."

"Basi usiwadekeze."

Akarudi kwenye simu yake. Nilitoka mle nikiuma meno. Kama kuna kitu kinachonichefua ni mtu ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, anayeita uchovu wa wenzake kudekezwa, na mchana wote yuko mkahawani anakula kwa risiti ya kampuni.

Sasa nikwambie alichokuwa anapitia mdogo wetu, maana wewe uliyaona matokeo tu. Jumamosi alikuwa kazini. Jumapili alikuwa na kompyuta mapajani. Midomo ilimtoka vidonda, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Jioni moja nilimkuta amesimama nje ya mlango wetu, ameishikilia kadi ya kufungulia mlango wa ofisi kwenye kitasa, anasubiri mlango ufunguke. Alikuwa ameshasimama pale muda, kwa jinsi jirani alivyonieleza. Na Jumamosi moja asubuhi alikaa kwenye ngazi na kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi, akashindwa kukumbuka alikuwa anavaa au anavua. Mama ndiye aliyemvua kile kimoja, akamrudisha kitandani. Kabla ya mchana Honi alikuwa ameshapiga simu kuuliza yuko wapi.

Wewe, kaka, ni mtu wa zege. Nimewahi kukusikia ukimfukuza mwenye jengo aliyetaka mbao zifunguliwe kabla zege halijakauka. Ulimwambia arudi nyumbani akalale. Nilijivunia siku ile. Ndiyo maana sauti yako ya wiki iliyopita ilinichoma.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Tulikuwa tunabadilisha karatasi za dawa za watoto. Bwana Kimya, ndiye mwandishi wetu wa programu mkubwa, anayeweza kumaliza siku nzima kwa maneno ya kujaza kiganja, alikuwa ameiandika sehemu hiyo akiwa amechoka mno. Mdogo wetu aliomba apewe muda wa kuijaribu ipasavyo. Aliomba mbele yetu sote, asubuhi, kwa sauti ya kawaida.

"Muda umekwisha," Honi akasema. "Itume ilivyo. Tukikuta tatizo tutarekebisha."

"Ni dawa za watoto wachanga," mdogo wetu akasema.

"Nimesikia. Itume."

Ikatumwa, Ijumaa. Honi akaagiza keki. Ndiyo, kaka, keki, yenye picha ya roketi juu yake.

Jumatatu simu ya mezani ikalia na mdogo wetu akaipokea. Alikuwa mfamasia mmoja, mama wa makamo, mteja wetu wa siku nyingi. Alikuwa amechapa karatasi ya dawa ya mtoto mchanga, dawa ya matone. Karatasi ikasema vijiko. Aliichana palepale. Kisha akaingiwa na hofu, akapekua za asubuhi ile, akagundua kwamba nyingine kama hiyo ilikuwa imeshabandikwa na msaidizi wake na kutoka mlangoni.

Nilimwona mdogo wetu akiishika simu kwa mikono miwili. "Una namba ya wazazi?" akauliza. "Wapigie. Usikate hii, tumia nyingine. Nakusubiri." Akasimama pale na simu sikioni, ameukodolea macho ukuta. Tulimsikia mfamasia kwa mbali akiongea na mtu. Kisha mdogo wetu akafumba macho, akasema, "Asante. Asante mama," akaweka simu chini.

Baba wa mtoto alikuwa ameshafungua chupa. Kijiko kilikuwa mezani. Alichelewa kwa kuwa mtoto alikuwa analia hataki kufungua mdomo.

Tuliiondoa programu ile mara moja na kurudisha ya zamani, tukayapigia maduka yote, hakuna mwingine aliyekuwa ameipata. Mtu mwenye haya angekaa chini akashukuru. Honi alituita tusimame. Mahakama ikaanza.

"Nani aliipitisha hii?" akauliza, huku anamtazama mdogo wetu.

"Mimi ndiye niliyeomba muda wa kuijaribu," mdogo wetu akamjibu.

"Mjaribu mzuri haombi muda. Anaona."

Mdogo wetu hakupandisha sauti. Alivua kadi yake shingoni, akaiweka mezani mbele ya Honi. "Basi mtafute huyo mzuri," akasema. Akachukua mkoba wake na kikombe chake cha chai, akaondoka.

Huo ndio uvivu wake, kaka. Nimekuandikia kama ulivyotokea, neno kwa neno.

Mimi nilitaka kumfuata. Nilibaki kwa sababu mwisho wa wiki ile kulikuwa na kikao cha kuwaonyesha wateja kazi, na nilijua mfamasia atakuja. Alikuja. Mmiliki alikuwepo pia. Honi akasimama, kompyuta yake ikamulika mchoro mkubwa ukutani, mstari unapanda kama mlima, akaanza kumwaga maneno. Kuhusu karatasi za watoto alisema kulikuwa na changamoto ndogo iliyosababishwa na mtu ambaye sasa hayuko nasi. Alisema hivyo bila hata kumeza mate.

Mfamasia akanyoosha mkono. "Huo mstari unaonyesha nini?"

"Kasi ya timu."

"Na yule mtoto yuko sehemu gani ya mstari?"

Honi akatabasamu, lile tabasamu lake la jukwaani, akasema tusichanganye mambo. Hapo nikasimama. Nilimweleza mmiliki kila kitu, palepale mbele ya wateja: sprinti iliyokatwa, kikao kilichofutwa, Jumamosi na Jumapili, alama za uongo ukutani, na muda ulioombwa ukakataliwa.

Mmiliki akamgeukia Honi. "Ni kweli?"

"Timu yenyewe ilikubali," Honi akasema. "Hakuna aliyekataa."

Kisha Bwana Kimya, ambaye nakuapia sikuwahi kumsikia akiongea kwenye kikao cha wateja, akasema bila kuinua kichwa: "Hatukukubali. Tulichoka kukataa."

Mmiliki aliifunga kompyuta ya Honi kwa mkono wake mwenyewe, mlima ukapotea ukutani.

Usidhani Honi aliaibika. Watu wa aina yake aibu haijui anwani yao. Alipoambiwa aende, alituandikia barua pepe ndefu ya kutushukuru kwa safari ya pamoja. Muda si muda akaibuka jukwaani akiwafundisha watu mwendo usiochosha, na kwenye video yako anasimulia jinsi alivyoiokoa timu moja iliyokuwa imechoka sana. Hasemi nani aliyeichosha. Na ukumbi mzima unampigia makofi, na kaka yangu mwenyewe anaisambaza.

Mmiliki aliniuliza afanye nini ili timu yake irudi kama zamani. Sikuwa na maajabu. Nilimwambia wiki mbili zirudi. Timu ndiyo iamue itabeba kiasi gani, na mtu asiongeze katikati ya safari. Kazi isihesabiwe imekwisha mpaka mjaribu aseme imekwisha. Kikao chetu cha kuulizana kirudi. Televisheni ishuke. Jioni ofisi ifungwe.

Mwanzoni alipata wasiwasi. Tulikuwa tunaahidi machache, naye alikuwa amezoea kuahidiwa mbingu. Alipita mezani kwetu mara kwa mara akijifanya anatafuta kalamu. Lakini tulichoahidi kilitoka, na kilipotoka hakikurudi. Wakati wa Honi nusu ya kazi yetu ilikuwa kurekebisha tulichokiharibu kwa haraka zake, na hilo mstari wake haukulionyesha. Sasa simu za malalamiko zimepungua mpaka yule dada wa mapokezi anapata nafasi ya kula bila kuinuka.

Kuhusu mdogo wetu, alilala. Wiki za mwanzo alikuwa analala, anakula, analala tena, na Mama akatukataza kumuuliza chochote. Vidonda vimepona. Nywele zinaota, ziko fupifupi pembeni kama za kifaranga, ukimtania anakupiga kwa mto. Mmiliki alinituma nimwombe arudi, nikakataa kutumwa. Nilimwambia aje mwenyewe. Akaja, akapanda ngazi zetu, akakaa kwenye kile kiti chetu kinachoyumba na kuomba radhi bila kuzungukazunguka. Mdogo wetu alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Nikisema bado, nani ana uwezo wa kusema tayari?"

"Hakuna," mmiliki akasema. "Hata mimi."

"Nitafikiri."

Alifikiri kwa raha zake, na nilifurahi kuona mtu mkubwa akisubirishwa. Jumatatu iliyopita alirudi.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Mchana Bwana Kimya alimletea zile karatasi za watoto, zilizoandikwa upya. Alizijaribu mpaka jua likaanza kushuka dirishani, akaandika mambo kwenye karatasi, akazunguka meza, akamwekea mbele yake. "Bado," akasema. Bwana Kimya akaisoma, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Kesho." Wakavaa makoti. Mimi nikazima taa, tukateremka wote pamoja tukibishana kuhusu wapi wanauza mahindi mazuri, na kazi ikabaki juu ya meza, haijakwisha.

Mpigie simu mdogo wako, kaka. Usimpe ushauri na usimtumie video. Muulize amelalaje, halafu unyamaze umsikilize.

Nisalimie sana wifi, mwambie dawa ya kuchua nimempata mtu wa kumletea. Wabusu watoto, hasa yule mchokozi. Msalimie binamu fundi umeme kama bado mnapanga jengo moja. Shangazi mkubwa anakusalimu na anasema ukimya wako unamzeesha. Mama anakuombea kila akiamka, nami naitikia. Mungu akulinde huko juu kwenye majukwaa ya ujenzi, akupe wasimamizi wenye haya, na akuondolee hicho kikohozi kabla sijakifuata mwenyewe.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata siku ninayokugombeza,

Wa katikati